Jenereta Linanguruma, Jiko Limepoa

Mwanangu, kuna asubuhi moja kule Kawajense ambayo nikiikumbuka kifua kinanijaa mpaka leo. Nilikuwa kijana, najifunza ufundi umeme kwa Mzee Kabura wa Mwese, mtu ambaye hata salamu yake ilikuwa kama karipio. Tulikuwa tunamalizia jiko la hoteli mpya. Juu ya mashine ya kukaangia chipsi palifungwa mtambo wa kuzima moto: mafuta yakiwaka, mpishi anavuta mpini, na mtambo unamwaga povu na papo hapo unakata umeme wa mashine.

Tukaujaribu bila povu. Mzee akavuta mpini, mashine ikazimika. Mwenye hoteli akapiga makofi, maana kesho yake alikuwa na harusi ya kupikia. Mimi nikaanza kukunja waya.

"Tulia wewe," Mzee akasema. "Kata umeme wa mtaani."

Unaujua umeme wa kwetu, unaondoka bila kuaga. Nikakata. Jenereta la hoteli likawaka lenyewe, na taa ya mashine ikarudi, mpini ukiwa bado umevutwa!

"Fundi, harusi ni kesho," mwenye hoteli akasihi.

"Pikia kuni, bosi. Mpishi wako hawezi kuzima mafuta huku jenereta linayachemsha." Mzee akatia kufuli kwenye swichi ya mashine, kisha akanigeukia. "Na wewe unakunja waya za nini? Kazi umeimaliza saa ngapi?"

Tukaipitisha waya ya jenereta kwenye kikata umeme kilekile cha mtambo, na kurudisha umeme ikawa lazima mtu abonyeze kwa mkono. Taa za jiko tukaziacha ziendelee kuwaka, watu waone mlango. Harusi ilipikiwa uani, na wageni walishiba vizuri tu.

Miezi ikapita. Mchana mmoja tumepita pale hotelini, umeme wa mtaani hakuna, wanapikia wa jenereta, mafuta yakawaka kweli. Mama Nesta, mpishi mkuu, alitoka na wenzake wote wazima, aproni imejaa povu, anacheka huku analia. "Mzee, jenereta linanguruma, mashine imezimika kabisa!"

Mzee Kabura akaninyooshea kidole. "Mshukuru huyu. Ndiye aliyeunga."

Mwanangu, umepata kazi ya kufunga umeme wa jiko, nami najivuna mtaa mzima. Basi jaribu kila njia ya umeme, ya mtaani na ya jenereta, na usikunje waya kabla hujaiona mashine imekataa kuwaka. Mungu aishike mikono yako, na akupe siku ambayo mtu mkali atakunyooshea kidole mbele ya watu waliotoka wazima.