Mimi ni Mtoto wa Maziwa Mgando

Tulipoambiwa kwamba wakimbizi wote tuliokuwa tukiishi mjini turudi kambini, nilifunga kiduka changu cha Kauma, mjini Lilongwe, nikapakia vitenge na masufuria kwenye gari la kukodi, nikarudi kambi ya Dzaleka na hasira hadi meno yanauma. Usiniambie nishukuru kwamba nina pa kurudi. Lilongwe nilikuwa nimeizoea, wateja walinijua, na sasa narudi kulala chumba kimoja na mama kama binti wa shule. Asubuhi ya kwanza akanituma maji. Njia ya bombani inapita nyuma ya shule, na dirisha la darasa letu la zamani lilikuwa wazi. Nikachungulia. Wamepaka rangi mpya. Ukuta ule, ndugu yangu, ungedhani hakuna aliyewahi kuugusa.

Mwalimu wetu wa wakati ule alikuwa Mmalawi, mzaliwa wa Mponela, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya upole isiyofaa kabisa kwa darasa lile. Alitukuta tumejitenga wenyewe: Wanyarwanda na Warundi mbele, sisi Wakongo nyuma, watoto wa Kimalawi wa vijiji vya jirani karibu na mlango. Hakuna aliyetupanga hivyo. Ugomvi wa bombani tuliuanza alfajiri tukauingiza darasani. Kulikuwa na msichana mmoja wa Kinyarwanda aliyewahi kuisukuma ndoo yangu kwenye foleni, maji yakamwagika yote, na mimi nikaapa sitamwazima hata kifutio.

Mwalimu alichoka kuamulia. Alhamisi moja akaandika ubaoni kwa Kiswahili cha kuombaomba: "Mimi ni mtoto wa", akaacha pengo. Kila mmoja aandike mistari yake kwa lugha yoyote. Asitaje nchi wala kabila wala vita. Ataje harufu, chakula, sauti, mikono iliyomlea. Kisha asimame asome, na atakayetafsiri awe mtoto wa upande mwingine wa darasa, si mwenzake wa karibu.

Tulicheka. Mtoto wa nini sasa? Halafu yule msichana wa ndoo akasimama, akasema yeye ni mtoto wa viazi vitamu vilivyochomwa majivuni, mtoto wa bibi anayekohoa kwanza ndipo aanze kusali. Darasa zima likaangua kicheko, maana nani hakuwa na bibi wa namna hiyo? Mmalawi mmoja akasema ni mtoto wa ukoko wa nsima, ugali wa kwao, ule wa kukwangua chini ya sufuria na kugombana na dada. Nasi nyumbani tuligombania ukoko wa bugali vilevile. Haikupita muda tukawa tunakaa popote. Msichana wa viazi akawa ananishikia nafasi bombani, nami nikawa nampelekea mandazi ya mama, yale yaliyopasuka yasiyouzika sokoni. Alhamisi hizo zilikuwa tamu, wee acha tu.

Shairi langu lilianza, "Mimi ni mtoto wa maziwa mgando." Tulipotoka Kindu, kwetu Kongo, tulisimama mahali fulani upande wa Tanzania, mama akaugua, tukakaa. Sijui tulikaa muda gani. Najua nilifika sina meno ya mbele na nikaondoka ninayo. Jirani yetu pale alikuwa mwanamke muuza maziwa, na alinichukua kama wake. Aliniosha nywele, akanipa utando wa juu wa maziwa kwa kidole, akaniimbia wimbo wa ng'ombe aliyekataa kurudi zizini. Kindu siikumbuki hata kidogo. Utoto wangu wote wa kabla ya kambi ulikuwa mwanamke yule. Nilipomaliza kusoma, na msichana wa viazi alipomaliza kutafsiri, mwalimu alisema "Zikomo", yaani asante, kwa sauti ya chini, akageukia ubao.

Kosa lake lilifanywa kwa moyo mzuri, na hilo ndilo linaloniudhi hadi leo, kwa sababu sina hata wa kumtukana. Siku ya wazazi aliyabandika mashairi yetu yote ukutani kwa uji wa unga wa mahindi. Alikuwa mtu aliye kwao. Angejuaje kwamba kambini maisha yako ni mali ya kesi ya ukimbizi? Kila familia ilikuwa imeshawaeleza maofisa ilikotoka na ilikopita, na maneno hayo yalikuwa yakisubiri mahali, yaamue kama tutapelekwa nchi nyingine au tutabaki. Mtoto akisema jingine, wazazi hukosa usingizi.

Mama alilisoma langu amesimama, kidole chini ya kila neno. Kisha akalibandua.

"We mutoto, nani alikutuma kuandika hii mambo?"

"Mwalimu alisema tuandike kweli."

"Kweli ya nani? Kwa kesi tulisema kule tulipita tu. Bakisoma hii, batasema turudi kule tulikaa. Mudomo uliponza kichwa, unasikia?"

Hakuwa mwongo, nielewe. Aliulizwa njia, akataja njia. Hakuna aliyemuuliza habari za maziwa. Lakini mzazi wa pili alimwona, akabandua la mwanawe, kisha mwingine na mwingine. Kufikia swala ya adhuhuri yalibaki ya watoto wa Kimalawi tu, na mabaka ya uji. Mwalimu alisimama katikati ya darasa akiuliza kwa Kichewa amekosea nini.

Wiki iliyofuata tulileta mashairi yaliyosahihishwa nyumbani. Mimi ni mtoto wa vita. Mimi ni mtoto wa hema. Mimi ni mtoto wa amani ya kesho. Ungeyachanganya usingejua lipi la nani. Bibi wa yule msichana hakukohoa tena. Wageni wa mashirika wakaja, wakasomewa, wakapiga makofi. Makofi! Kwa nini hasa? Tukaacha kuulizana mambo ya nyumbani, kila mmoja akiichunga kesi ya wazazi wake, na muhula ulipokwisha Wanyarwanda walikuwa wamekaa mbele tena, sisi nyuma. Mwalimu akahamia shule ya Nathenje. Sidhani kama aliwahi kuelewa.

Kesi haijajibiwa. Nilihojiwa nikiwa mtoto, nikahojiwa nikiwa msichana, nikahojiwa nimembeba mwanangu mgongoni, na kila mara nilitoa sentensi zilezile za mama. Jana tulikuwa tunachambua sombe, kisamvu chetu, mama na mimi, sinia katikati yetu. Amezeeka sasa, woga umemtoka. Akaniuliza ghafla:

"Ule mama wa maziwa, alikuwa anakuimbia namna gani? Imba kidogo, nisikie."

Nikafungua mdomo. Ng'ombe nilimkumbuka, na zizi, kwa kuwa niliwahi kuwaandika. Sauti haikuja, wala sura, wala neno moja la wimbo. Kilichokuja ni safari, kituo kwa kituo, kama nilivyozoea kuwatajia maofisa: tulifika mpakani, tukapita, tukapanda gari la mizigo. Nilipandwa na hasira nikataka kumwambia ni wewe, ni wewe uliyenifunga mdomo. Nikamtazama. Na yeye alikuwa ametulia, ametega sikio, anasubiri.

"Sikumbuki, mama."

Akaangalia majani ya sombe mkononi mwake.

"Na mi pia," akasema. "Basi njo vile tumemupoteza ule mama."