Sufuria ya Mapome

Jumanne moja ya mwezi wa pili, mwaka huu, kabla ya saa sita za mchana, nilimpoteza mke wangu. Alikufa mdomo wake ukiwa bado na mapome, yaani matofaa, niliyompikia mimi mwenyewe. Ninaliandika hilo mwanzoni kwa sababu ndilo lililonitia hofu, na hofu hiyo haijaisha.

Mimi ni mkulima wa maharagwe na viazi kwenye kilima kimoja cha Masisi, upande wa Mweso. Shule niliachia darasa la sita. Kupika sikujua. Kwetu mwanaume akionekana amechuchumaa mbele ya mbabula, lile jiko la bati la makaa, watu wanauliza kama mke wake amemkimbia.

Mke wangu alianza kukonda wakati wa kupanda maharagwe. Alikuwa akila kidogo, kisha anashika tumbo. Wanaume wa kilima walimbeba kwenye machela hadi hospitali. Daktari alisema kwa Kifaransa, muuguzi akatueleza kwa Kiswahili: ndani ya tumbo kulikuwa na uvimbe, na ulikuwa umekua kupita kiasi cha kukatwa. Tumrudishe nyumbani, tumpe chakula chochote anachotamani. Njiani, wabebaji walipoweka machela chini wapumzike, mke wangu alinivuta mkono akaniomba nisimwambie dada yake. Nilimwahidi.

Chakula alichotamani kilikuwa pome. Alipokuwa msichana aliwahi kusaidia jikoni kwa masista, na wale walikuwa wakipika mapome kwa siagi, sukari, tangawizi na gome linaloitwa kanele, yaani mdalasini. Miaka yote ya ndoa yetu hakuwahi kunitajia habari hiyo hata siku moja. Sasa hakutaka kingine.

Pome kwetu si chakula. Iko miti michache ya zamani juu kwenye malisho, iliyopandwa na mzungu wa shamba siku za wazazi wetu. Tunda lake ni dogo, gumu, chachu, na watoto hurushiana kama mawe. Nilipanda hadi kwa mfugaji mwenye malisho yale, mtu tunayesali naye kanisa moja, nikamweleza ninachomtafutia mke wangu. Alicheka.

"Papa, ng'ombe zangu zinakataa hii kitu. Unataka bibi yako akule chenye ng'ombe imekataa?"

"Iko mugonjwa. Njo yenye anataka," nilimjibu. Ndiyo pekee aliyoitaka.

Aliacha kucheka. Alinijazia mfuko, akaingia ndani akatoka na siagi iliyofungwa kwenye jani la mgomba. Nilipogusa mfuko wa suruali alinikatalia kwa kichwa.

Kanele niliipata sokoni Mweso kwa mama anayeuza vitu vya chai. Ilikuwa gome jembamba, kavu, limejikunja. Niliinusa nikasita. "Mama, hii si dawa?" Akanijibu, "Dawa ya nini? Batu ya Goma banaweka mu chai kila asubuhi, na bananenepa."

Siku ya kwanza mke wangu alinifundisha kutoka kitandani, mlango ukiwa wazi. Menya. Pasua. Toa ile katikati yenye mbegu. Siagi kwanza, iyeyuke, usiache iungue. Sasa mapome. Maji kidogo tu, pome ina maji yake. Sukari, tangawizi, kanele. Funika. Nilifuata yote. Kisha nikaona vipande vimelainika, nikachukua mwiko nikafanya kitu pekee nilichowahi kuona kikifanywa kwa mwiko.

"Papa, unafanya nini? Nasikia mbabula inacheza."

"Nasonga."

Alicheka mpaka akajishika tumbo kwa mikono miwili. "Umesonga pome! Yesu wangu, amesonga pome sawa bugali!"

Nilimpelekea uji mzito wa rangi ya udongo. Alikula nusu ya bakuli. Vipande asingeviweza, lakini ule uji ulipita kooni. Tangu hapo nilisonga kila siku. Watoto tulikuwa tumewatuma Goma kwa mdogo wangu kwa sababu ya mapigano, tulibaki wawili, na harufu ile ilijaa nyumba mpaka kwenye mablanketi. Nakiri kwamba nilianza kuipenda kazi hiyo.

Ndipo akaja dada mkubwa wa mke wangu. Alitoka Kashebere, upande wa Walikale, kwa pikipiki na kwa miguu, akipita vizuizi vya watu wenye silaha ili amwuguze mdogo wake. Alifika saa niliyokuwa napika. Hakusalimu. Alifunua sufuria, akachukua kijiko akaliinua gome.

"Shemeji, iko nini mule?"

"Pome."

"Pome naona. Nauliza hii."

"Kanele. Ni ya chai."

"Chai sijaona hapa."

Asiyetoka kwetu huenda asielewe. Kwetu mtu akikonda polepole, wengi hawasemi ni ugonjwa. Wanasema karuho, sumu inayotiwa kwenye chakula kidogo kidogo mpaka mtu anaisha. Na kule shemeji alikotoka pori liko karibu, watu wanayajua magome, ya kuponya na ya kuua. Alimkuta mdogo wake amebaki mifupa, na mume wake, mwanaume, amechuchumaa anachemsha gome. Mimi pia ningewaza alivyowaza. Kwenye njia yetu ya kwenda mtoni kulikuwa na nyumba ya mwanamke mmoja aliyesemwa kuwa anatia karuho. Siku hizi pamebaki mafiga matatu tu na majani.

"Wewe njo uonje kwanza," aliniambia.

Kutoka ndani mke wangu akaita kwa sauti ndogo, "Dada, umuache papa ya batoto. Ni mimi nimemufundisha."

"Unyamaze. Mugonjwa hajue chenye banamulisha."

Nilionja. Aliangalia koo langu mpaka nikameza. Akangoja. Kisha akachukua bakuli kutoka mkononi mwangu akampelekea mwenyewe.

Ikawa hivyo kila siku. Sitaki kumsema vibaya. Alimwosha mdogo wake, alimtoa nje juani mgongoni kama mtoto, alilala chini kando ya kitanda chake. Lakini nikikaa mbele ya mbabula nilisikia macho yake shingoni, na mikono yangu ilitetemeka. Nililiweka gome lote juu ya kiti, mahali peupe, nikawa nalivunja mbele yake. Mtu anayetetemeka anafanana na mtu mwenye hatia. Nilijua hivyo, na kujua huko kulinitetemesha zaidi. Ningeweza kumwambia maneno ya daktari. Nilikuwa nimeahidi.

Siku moja nilipika bila kanele. Mke wangu alionja, akasukuma kijiko.

"Umesahau."

"Sijasahau. Dada yako…"

"Dada yangu haikule. Mimi njo nakula."

Hakula siku ile. Kesho yake nikarudisha gome.

Jumanne ile milio ya bunduki ilianza alfajiri nyuma ya kilima. Majirani walikuwa wakifunga vitu. Shemeji alichukua bidoni, lile dumu la maji, akaenda chemchemi, tuwe na maji kama tukilazimika kuondoka. Mke wangu aliomba pome. Nilipika haraka, masikio yangu yakiwa kwenye milio. Nilisonga, nikapakua, nikampelekea. Alimeza vijiko viwili. Akasema, "Leo iko tamu." Cha tatu kilibaki mdomoni. Jasho likamtoka usoni ghafla, akanishika kiganja kwa nguvu ambayo sikujua anayo bado, akatapika kitu cheusi. Nilimwita. Nilimwinua kichwa.

Shemeji aliingia na maji. Alimwangalia mdogo wake, akaangalia kijiko. Hakulia. Hicho ndicho kilichoniogopesha kuliko bunduki: hakulia. Alitoka nje, akaichukua sufuria kwenye mbabula, akaifunika kwa beseni, akaweka jiwe juu.

"Hakuna kugusa," alisema.

Kisha akapiga simu kwao.

Mjomba wao alifika kesho yake na vijana wawili wa ukoo. Milio ilikuwa imenyamaza. Mjomba ni mzee mfupi, anaongea taratibu, na mimi nimemheshimu tangu siku niliyopeleka mahari. Aliingia akamwona marehemu, akatoka, akasema hatazikwa mpaka neno lisemwe. Nikapewa kiti katikati ya uwanja. Majirani walisimama nje ya ua, hawakuingia. Watu niliolima nao. Vijana wale wawili walikuwa na mapanga, kama mtu yeyote anayetembea njia zetu, lakini mimi niliyaona mapanga tu.

"Alikula nini ya mwisho?" mjomba aliuliza.

Shemeji akajibu, "Mapome na gome."

"Nani alipika?"

"Yeye."

Mmoja wa wale vijana akasema, "Tangu lini mwanaume anapika na bibi iko nyumbani?" Mtu nje ya ua akacheka.

Mjomba akamgeukia shemeji. "Alikuwa anaonja?"

"Alionja. Kila siku nilimuona na macho yangu." Akaitazama bidoni. "Jana sikukuwa. Nilienda ku maji."

Mjomba akaniangalia. "Baba, jana ulionja?"

Neno lilikuwa rahisi. Hakuna aliyeniona. Nilijua vizuri jibu la kunitoa pale.

"Hapana," nilisema. "Sikuonja. Hakuna mtu aliniomba."

Kelele zikaanza nje ya ua. Mwanamke mmoja alisema jina la Mungu. Mjomba aliinua mkono mpaka wakanyamaza, akamwambia shemeji alete sufuria. Aliondoa jiwe, akaondoa beseni, akaiweka miguuni pangu pamoja na kijiko. Siagi ilikuwa imeganda juu, nyeupe. Kipande cha gome kilisimama katikati.

"Kula," mjomba alisema. "Yote."

Mimi niliipika. Nilijua hamna kitu ndani isipokuwa vile alivyonitajia mke wangu. Na bado niliogopa. Nilipoinua kijiko nilianza kuwaza: je, kama yule mama wa sokoni aliniuzia gome lingine? Kama nilimwua mimi, kwa ujinga, kidogo kidogo, huku nikifurahia harufu? Sijawahi kuogopa chakula hivyo. Nilikula. Ilikuwa baridi na tamu sana. Machozi yalikuwa yakinitoka na pua pia, sikuweza kufuta kwa sababu niliogopa wakiona mkono unaenda usoni watasema natema. Nilikwangua mpaka chini, nikalitafuna na gome lenyewe.

Wakaketi kungoja. Jua lilikuwa kali. Niliwasikia inzi kutoka ndani ya nyumba, na sikuweza kwenda kuwafukuza. Kila tumbo liliponguruma nilifikiri ndiyo imeanza.

Baada ya muda mrefu mjomba aliuliza kama tulifika hospitali. Ndipo nikasema. Ahadi niliyompa ilikuwa ya kumficha dada yake, na aliyeniomba alikuwa amelala ndani, amekufa. Nilieleza uvimbe, nikaeleza walivyosema tumrudishe.

"Ah!" yule kijana akasema. "Kila muloji iko na munganga wake."

Kwake daktari alikuwa shahidi wa mchawi tu. Wengine waliguna. Lakini shemeji alisogea akachuchumaa mbele yangu, karibu sana, kama alivyokuwa akiangalia koo langu.

"Juu ya nini hukuniambia?"

"Alinikataza."

"Alisema nini? Usinipe maneno yako. Nipe ya kwake."

"Alisema, 'Dada akijua ataacha kunigombeza, atanihurumia. Sitaki anihurumie. Ninataka anigombeze mpaka mwisho.'"

Shemeji alibaki vilevile amechuchumaa. Nilifikiri atanipiga. "Njo yeye," alisema polepole, si kwangu, si kwa mtu yeyote. "Njo yeye kabisa. Hata muguu yake ilivunjika akiwa mutoto, alinificha siku nzima." Kisha akavuta kitenge chake akajifunika uso, na sauti ikatoka, ile ambayo haikutoka jana yake. Wanawake waliokuwa nje ya ua waliposikia kilio, wakaingia. Mmoja alinipita akaniwekea mkono begani, wa pili alinipita bila kuniangalia.

Mjomba alikaa bado kidogo. Sijui alikuwa anangoja tumbo langu au anamngoja mpwa wake amalize kulia. Kisha akasimama, akazunguka nyumba akitazama ardhi, akarudi.

"Chini kule kuna maji," alisema. "Tutachimba kaburi huku juu. Jembe iko wapi?"

Nilimwambia liko ndani. Nilionyesha kwa mkono. Yule kijana aliyeniita muloji aliliweka panga lake chini, akaingia ndani akatoka na jembe, akaanza kuchimba.