Chai Niliyoikataa Chini ya Ngazi

Kuna asubuhi moja isiyonitoka akilini, mwanangu, na jana uliponipigia simu ilinirudia yote, mpaka harufu ya chai. Nimeshindwa kungoja uje Jumapili. Nakuandikia sasa hivi na mkono unakimbia kuliko kichwa, kwa hivyo ukiona nimeruka neno, lijaze mwenyewe.

Ulikuwa na furaha kweli. Ukaniambia, "Senje, darasa letu limepata msichana wa kiti cha magurudumu, anaitwa Cheptoo. Mimi kama kiongozi wa darasa nimeshapanga kila kitu. Vijana wanne watakuwa wanambeba mpaka orofa ya tatu. Hatakosa hata lekcha moja." Nilijivunia wewe, Simiyu. Nusura nipige vigelegele hapo hapo ofisini. Lakini mimi senje yako, dada ya baba yako, nimekaa kwenye kiti kama hicho tangu utotoni, na kubebwa nimebebwa sana. Kwa hivyo keti kidogo nikuambie mambo ya kubebwa.

Wakati huo nilikuwa msichana wa mtaa wa Huruma. Babu yako alitoka Bungoma kuja kufanya kibarua kiwandani, na sote tulilala chumba kimoja. Nilipopata nafasi ya kusoma hisabati chuo kikuu, wapangaji wote wa ploti yetu walisherehekea, hata landilodi. Hesabu nilizipenda mno. Shida ni kwamba darasa la hisabati lilikuwa orofa ya tatu na jengo halikuwa na lifti. Basi Kamau, kijana wa Soy tuliyesoma naye, akatafuta wenzake wawili. Kila asubuhi wananingoja chini, mmoja anashika nyuma, wawili mbele, kiti kinapanda na mimi ndani. Walikuwa wanaimba wakinibeba, na watu wanatoka maofisini kuangalia. Kila mtu alisema hao ni vijana wa maana, na ni kweli walikuwa.

Kitu ambacho hakuna aliyejua ni kwamba nilikuwa sinywi chochote. Choo kilikuwa chini. Lekcha zilianza asubuhi zikaendelea mpaka baada ya saa saba, na tukipewa mapumziko kidogo kila mtu anakimbilia shughuli zake. Ningemwambia nani anishushe halafu anipandishe tena? Wavulana watatu, mimi msichana, nianze kuwatangazia habari za choo? Nikaamua chai na maji nitakunywa jioni. Kichwa kinagonga, midomo imekauka, namba ubaoni zinacheza machoni. Nikaanza kuumwa, kuumwa kwa kulazwa, na daktari aliponiuliza mbona sinywi maji nikaangalia ukutani. Mwishowe nikaenda ofisini kuuliza kama naweza kubadilishiwa kozi. Wakanitafutia nyingine ambayo madarasa yake yako chini. Sikuipenda hata kidogo, lakini nilikuwa nimeshaamua kuikubali wiki hiyo hiyo. Hisabati nilikuwa naiaga, mwanangu, na hata mama yangu sikuwa nimemwambia.

Ndio akatokea Mzee Njoroge, baba yake Kamau, mkulima wa mahindi huko Soy. Alikuja kumwona kijana wake, mkono mmoja thamosi ya chai, mwingine mfuko wa viazi vitamu vya kuchemsha. Alikuwa mtu mkali kidogo, wa maneno machache, na kofia haikutoka kichwani. Kamau alitaka sana baba yake aone wanavyonipandisha. Alikuwa anangoja asifiwe. Mzee akasema kwanza tunywe chai, akamimina kikombe cha kwanza, akaninyooshea mimi.

"Asante Mzee, nimeshiba," nikasema.

Sasa wewe unajua, kwetu sisi chai haikataliwi hivi hivi. Hata kama umetoka kula, unaonja, unarudisha kikombe na shukrani. Mzee hakuondoa mkono. Kikombe kilibaki pale mbele yangu kikitoa moshi.

"Hii imepikwa na mama Kamau alfajiri," akasema. "Nikirudi Soy nimwambie huyu msichana ameikataa kwa sababu gani?"

Nilijaribu kucheka, na badala ya kicheko kikatoka kilio. Nikasema yote pale pale chini ya ngazi, watu wakipita: choo, ugonjwa, kozi. Kamau akashika kichwa. "Nafula, kwa nini hukutuambia?"

"Mnanibeba kila siku, Kamau. Niwaongezee nini tena juu ya hiyo?"

Mzee akamgeukia kijana wake. Hakupandisha sauti. "Tangu muhula uanze unambeba huyu mtoto wa watu, na hujawahi kumuuliza kama amekunywa hata maji." Kisha akanigeukia mimi, nami nikadhani sasa napewa pole. Wapi. "Na wewe unashukuru sana. Umeshukuru mpaka umekauka." Akainua uso akaziangalia zile ngazi, akasema, "Hebu niambieni. Kuna nini huko juu ambacho hakiwezi kushuka?"

Tukaanza kuhesabu. Kulikuwa na viti, ubao, na mwalimu mwenye miguu yake. Nilishikwa na furaha na hasira kwa pamoja, mwanangu, sijui kama umewahi kushikwa na vyote viwili.

Pale chini kulikuwa na chumba kikubwa kilichojaa madawati mabovu, na ufunguo ulikuwa kwa mkuu wa idara, mwenye ofisi hapo hapo chini, ambaye pia ndiye aliyetufundisha. Kamau alitaka kukimbia kwenda kuniombea. Mzee akamshika koti. "Muache aende mwenyewe. Wewe mshikie mlango tu." Nikaingia. Mkuu akaniambia ratiba imeshapangwa na haiwezi kuguswa katikati ya muhula. Nikamwambia kozi sibadilishi tena, hisabati siachi, ninachotaka ni chumba. Halafu nikamuuliza swali la Mzee kama lilivyo. Akaangalia dirishani, akavuta droo na kutoa ufunguo. Kumbe yeye mwenyewe goti lilikuwa linamsumbua. Akaniambia kila siku husimama orofa ya pili akijifanya anasoma matangazo ukutani, kumbe anapumzika, na hajathubutu kumwambia mtu.

Eh, Simiyu, ungeiona siku hiyo. Darasa zima lilishuka na viti kichwani, Kamau akiimba ule ule wimbo wa kunibeba, ila sasa vilivyobebwa ni viti na ubao. Vumbi, kelele, vicheko. Mzee Njoroge alivua koti akawa anatoa madawati mabovu nje pamoja na mkuu wa idara mwenye goti. Mimi nilikaa mlangoni nikielekeza, hicho weka kule, hapo acheni njia, nipite kama watu wengine, na nilijiona mwenye nyumba. Tulipomaliza Mzee akaniletea tena kikombe. Chai ilikuwa imepoa kabisa. Nilikunywa yote nikaomba kingine.

Si kwamba mambo yote yalinyooka siku moja. Mlango wa choo ulikuwa na kizingiti kirefu, na babu yako akaja na fundi rafiki yake wa Huruma, wakamwaga saruji, wakanitengenezea mteremko. Walikuwa na haraka ya kunifurahisha, hawakuniuliza chochote. Mteremko ulikuwa mkali balaa. Niliushuka mara ya kwanza nikaishia kwenye maua, tukacheka mpaka fundi akakaa chini. Wakaubomoa. Mara ya pili, kabla ya kumwaga saruji, waliweka mbao kwanza, nikapanda na kushuka juu yake, nikawaambia urefushwe mpaka wapi. Huo bado upo. Naupitia kila siku nikienda kufundisha hisabati, ndiyo, hiyo hiyo hisabati niliyokuwa naiaga.

Sasa sikia ninachokuambia. Wale vijana wanne usiwafukuze, mikono yao tunaihitaji, ila waambie wajiandae kubeba viti. Kabla ya hapo, kaa chini mtazamane na Cheptoo, umuulize yeye mwenyewe anataka nini, maana huenda anataka jambo ambalo hata mimi sijalifikiria. Mkienda ofisini yeye ndiye aseme, wewe umshikie mlango. Na usiishie kwake. Huenda yupo mwenzenu asiyesikia vizuri, anakaa nyuma akicheka kwa sababu ameona wengine wanacheka. Huenda yupo mwalimu ambaye macho yanafifia na anaogopa kusema, asije akaambiwa apumzike nyumbani. Hao hawana kiti cha kuwatambulisha. Waulize polepole, pembeni, na ukiambiwa usitangaze. Wema wa kutouliza unaweza kumfukuza mtu chuoni huku nyote mkiimba, mwanangu, na mimi wema huo ulikaribia kunifukuza.

Mungu akupe jicho la Mzee Njoroge, la kuona kikombe kilichorudi bila kuguswa. Akupe ulimi wa kuuliza na masikio ya kungoja jibu. Darasa lenu lisikose mtu hata mmoja mpaka siku ya mahafali, na mimi niwepo mbele kabisa nikipiga vigelegele nilivyovizuia jana.

Jumatatu asubuhi nenda na thamosi. Kikombe cha kwanza mpe Cheptoo. Akikuambia ameshiba, usiondoe mkono.