Kengele Tatu za Verna Dykstra

Verna Dykstra amepanda ngazi themanini na nne za mnara wa chuo chetu kwa miaka thelathini na moja, na magoti yake hayajawahi kulalamika. Yeye ndiye hulalamika kwa niaba ya kila kitu. Huitia kengele mafuta, hugombana na njiwa, na ufunguo wa mnara hauvui shingoni hata akienda kuoga. Mimi ni Arlys, mpishi wa bwalo. Mbele ya watu ni mpangaji mwenzake. Nyumbani tuna kitanda kimoja, mwaka wa ishirini na saba sasa, na hakuna aliyewahi kuuliza. Watu wa Iowa, jimbo letu hili la Marekani, wakishamwona mwanamke anayejua kuoka viazi na jibini, hawana swali lingine.

Kengele ile hulia wanafunzi wawili wakichumbiana tu. Wachumba humwomba Verna ufunguo, hupanda, huvuta kamba mara tatu. Hapo chuo kizima hukimbilia uwanjani kushangilia, mimi nikiwa na vifuniko vya sufuria vya kugonganisha, na mkuu wa chuo, Dokta Harlan Vreeland, huwabariki kwa kipaza sauti. Hasubiri hata washuke. Machozi yake yako karibu, akisikia kengele tu anabariki.

Lakini si kila mchumba. Sheria ya nchi inakataza vyuo kubagua wanafunzi kwa jinsia zao, ila chuo cha dini kikiona sheria hiyo inagongana na imani yake, kinasamehewa. Chetu kimesamehewa, barua imetundikwa ofisini kwa mkuu, na Verna huifuta vumbi kila Ijumaa huku akiitolea ulimi. Mwaka juzi kijana mmoja alionekana sinema akimshika mvulana mwenzake mkono. Akafukuzwa wiki tatu kabla ya mahafali. Mwanasheria aliyekuja kumtetea alionyeshwa ile barua, akafunga mkoba wake.

Sasa, Alhamisi moja asubuhi, siku mbili kabla ya mahafali na moja kabla ya Verna kustaafu, wakaingia jikoni kwangu Britta na Joelle. Verna alikuwa anakunywa kahawa.

“Bi Verna, tunaomba ufunguo,” akasema Britta.

“Mchumba wako yuko wapi?”

“Si ndiye huyu hapa?” Joelle akawa mwekundu mpaka masikioni.

“Mna wazimu nyie? Keshokutwa mnavaa majoho!”

“Tunavuta tu, tunakimbia kabla watu hawajafika. Bi Verna, tumewashangilia wenzetu mara kumi na tisa. Kumi na tisa! Na sisi tunataka moja.”

“Verna, usithubutu,” nikasema.

“We baki na viazi vyako, mama.” Akatoka nao, anachekacheka. Nilimpenda na nikatamani kumrushia mwiko.

Kengele ikalia mara tatu. Nikatoka mbio na vifuniko vyangu, kumbe Dokta Vreeland alikuwa uwanjani tayari, akiwatembeza wajumbe wa bodi. Dakika haikupita, watu wakajaa. Na mnara una mlango mmoja tu.

“Ninyi wawili mlioko juu,” akapaza mkuu, machozi hayo, “siwajui, lakini Bwana anawajua! Awape nyumba moja, meza moja, uzee mmoja! Amina!”

“Amina!”

“Shukeni! Shukeni!” wakaimba wanafunzi.

Mlango ukafunguka. Akatoka Verna peke yake, manyoya ya njiwa kichwani, akaufunga nyuma yake kwa ufunguo.

“Bi Verna, wachumba wako wapi?” akauliza mwanafunzi mmoja.

“Nimevuta mimi. Kesho nastaafu, nikaona nisiondoke hapa bila kuchumbiwa.”

Uwanja ukacheka. “Na nani sasa, Verna?” akauliza mkuu, naye akicheka.

Hakunitazama. Alijua nina kazi ya kupoteza, akaangalia viatu vyake, mjinga yule. Mjumbe mmoja wa bodi akasema, “Basi mwenzake yuko juu. Hebu fungua huo mlango.”

Niliwaona wale wasichana akilini, wamejibana kati ya njiwa, na kijana wa mwaka juzi na sanduku lake. Miguu yangu ikaanza kutembea kabla sijaituma.

“Hakuna mtu huko juu,” nikasema. “Mwenzake ni mimi. Miaka ishirini na saba. Na asante kwa baraka, Dokta, tumeipokea.”

Nilipotaka kumshika Verna mkono, kifuniko kimoja kikaniponyoka, kikalia juu ya mawe, ngwaaa! Na wanafunzi, wale watoto waliozoea kushangilia kila wasikiapo vifuniko vyangu, wakalipuka kwa vifijo. Mkuu akashusha kipaza sauti chake. Amina alishaisema.

“Mkono unanuka vitunguu,” akasema Verna huku analia.

“Wako unanuka njiwa.”

Usiku, uwanja ukiwa mtupu, Verna aliwafungulia wasichana. Barua ya kuniachisha kazi ililetwa Ijumaa, na salamu za Kikristo juu yake. Jumamosi tulikaa safu ya mwisho kabisa, tumeshikana mikono mchana kweupe, nikijihisi msichana wa miaka kumi na tisa. Britta akaitwa, kisha Joelle, unyoya mmoja wa njiwa ameuchomeka kwenye kofia. Dokta Vreeland akawapa shahada, akawashika mikono, na kumwombea heri kila mmoja.

Verna akaninong’oneza, “Masikini, kawabariki mara ya pili, na bado hajui.”