Baraza Chini ya Paa la Theluji

Mpwani mpe jumba la vyumba kumi, bado atatafuta pa kukaa nje. Hilo nililijua kabla sijaolewa. Mume wangu ni wa Mombasa, mimi wa Tanga, na katika kijumba chetu cha kupanga Mount Druitt, magharibi ya Sydney huko Australia, kitu cha kwanza alichotengeneza kilikuwa benchi la kuegemea ukuta wa mbele. Hapo alikaa jioni na kahawa yake, akisalimia wapita njia wasiomjibu.

Ilipokuja corona, mkahawa alimokuwa akifanya kazi mjini ulifungwa, na sisi wenye viza ya muda tukaambiwa, kwa adabu zote, turudi makwetu. Turudi kwa ndege gani, hawakusema. Baridi ilipoanza, hoteli moja kwenye milima ya theluji huko kusini ikatafuta waosha vyombo. Akaenda yeye na jirani yetu wa mlango wa pili, Mkongo wa Bukavu, baba wa watoto watatu, mtu mpole ambaye ghala alimokuwa akipakia mizigo lilikuwa limempunguza kazi.

Mimi na mke wa Mkongo tulibaki na hofu moja tu: mlima. Siku ya kwanza kazini walionyeshwa video ya maporomoko ya theluji. Ubavu mzima wa mlima unakatika, unashuka, unameza watu. Wakaambiwa wasivuke nguzo za mpaka wala wasifuate nyayo za wageni wanaocheza kuteleza thelujini. Mume wangu alinipigia simu.

"Wallahi mimi huko juu sikanyagi. Nimekuja kuosha sahani, sikuja kufa."

Jirani yangu, mke wa Mkongo, akafunga na kusali na kanisa lake kwa simu. Mimi nikawa nasoma Yasini kila jioni. Dua zetu zilifika, nadhani, maana mlima wenyewe haukumgusa mtu. Ya paa hatukuyaombea, kwa sababu hakuna aliyetuambia.

Kwa sheria za corona, chumba cha mapumziko cha wafanyakazi kiliruhusiwa watu wanne, na wanne hao kila siku walikuwa walewale, vijana wenyeji waliojuana tangu msimu uliopita. Basi mume wangu akafanya alichozaliwa kukifanya. Akachukua makreti mawili ya maziwa, akalaza ubao juu yake, akauegemeza kwenye ukuta wa nyuma wa jiko, chini ya upenu, palipopata jua. Akanionyesha kwa simu kama mtu aliyejenga ghorofa.

"Nimepata baraza, mke wangu. Sasa huku pia ni kwetu."

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Msimamizi wao alikuwa akipita hapo kila siku, akiwapungia mkono wakiwa wameketi. Siku moja aliwapiga picha. Kuwaambia waondoke, hakuwaambia.

Kwetu upenu ni hifadhi. Mvua ikikukuta njiani unakimbilia chini yake hata kama nyumba si yako, na mwenyewe hakufukuzi. Tungejuaje kwamba kuna mahali ambapo upenu ndio unaoua? Theluji hulala juu ya bati siku kadhaa, ikajishindilia, ikawa nzito na ngumu. Jua likiwaka, upande wa chini unalowa na yote inaachia kwa mpigo. Wenyeji wa kule wanalijua hilo tangu utotoni, kama sisi tunavyojua kutolala chini ya mnazi wenye nazi. Na jambo ambalo kila mtu analijua, nani atajisumbua kulisema? Laana ya mgeni ndiyo hiyo.

Dhoruba ilipiga siku kadhaa, barabara zikafungwa, halafu asubuhi moja jua likatoka. Mume wangu alitoka na chupa yake ya kahawa ya tangawizi, akaketi. Mkongo naye akatokea mlangoni. Sasa, mtu akikukuta unakunywa, humuulizi kama anataka. Unampisha. Mume wangu alisimama, akampa mahali pake pakavu penye joto la jua.

"Karibu, karibu, kaa. Nakuletea kikombe."

Alikuwa na kikombe kimoja, cha kwake. Akaingia jikoni kutafuta cha mgeni.

Anasema ilikuwa sauti ya lori linalomwaga kokoto. Mlango ukazibwa. Yeye na wenzake wa jikoni wakazunguka kwa mbele wakachimba kwa koleo, kwa masinia ya jikoni, kwa mikono. Theluji ya paa si ile pamba ya kwenye kadi za Krismasi, ni zege. Walipomfikia Mkongo bado alikuwa anapumua. Helikopta ikambeba.

Mume wangu alinisimulia yote hayo akilia. Nilimsikiliza, nikachukua funguo za gari, nikaenda mlango wa pili kumchukua mke wa Mkongo.

Watoto wake tuliwaacha kwa mama mmoja wa kanisani kwao, tukashika barabara ya kusini, tukaupita mji wa Goulburn, mpaka hospitali alikopelekwa. Mlangoni mwa hospitali walikuwa wakiuliza kila mtu ametoka wapi, na aliyetoka magharibi ya Sydney alikuwa haruhusiwi kuingia, maana ugonjwa ulikuwa umewaka kwetu. Nilimwambia kabla hatujashuka.

"Dada, sema tunatoka Goulburn. Neno moja tu."

"Mungu iko naniangalia leo. Leo siwezi danganya."

Akaenda, akaulizwa, akasema Mount Druitt. Yule mwanamke wa mlangoni, mwenye barakoa na kioo cha plastiki usoni, alisema pole, pole sana, na hakusogea hata hatua. Nilitaka kumpiga. Nilitaka kumpiga na huyu jirani yangu pia, pamoja na Mungu wake wa kuangalia.

Muuguzi aliweka simu sikioni mwa mgonjwa. Jirani yangu alikaa kwenye gari langu pale maegeshoni akamsemesha mumewe kwa Kimashi, lugha ya kwao Bukavu, kwa sauti ya mtu anayeagiza mambo ya nyumbani. Sikuelewa neno. Mchana uliisha akiwa bado anasema. Kisha muuguzi akachukua simu, akaongea yeye, kwa ufupi: mgonjwa amekata roho.

Jirani yangu akaizima simu. Baadaye akanigeukia.

"Alikuwa amekaa kiti ya nani?"

"Cha mume wangu. Alimpisha."

"Na yeye akaenda wapi?"

"Kuleta kikombe."

Akashuka. Nilidhani anarudi kule mlangoni kwa yule mwanamke. Akafungua mlango wa nyuma, akaketi kule, akafunga mkanda, kama abiria wa teksi. Nikawasha gari.

Tulikwenda saa nzima. Nilimtazama kwenye kioo nikaona ametazama dirishani, macho makavu. Nilimuonea huruma, huruma ya kweli, na chini yake moyo wangu ulikuwa ukiruka kama mbuzi.

Tulipokaribia Goulburn akauliza, bila kunitazama, "Bwana yako atarudia siku gani?"

"Kesho," nikajibu. Nilijitahidi kulisema kwa huzuni, likatoka na furaha yote, naye akaisikia.