Siku Niliyompeleka Soso Kwenye Kilo

Enzi zetu pale Kolwezi, mtoto hakuingia shule ya msingi kwa cheti cha kuzaliwa. Alisimama mbele ya mwalimu, akapitisha mkono wa kulia juu ya kichwa, na vidole vikigusa sikio la kushoto aliandikwa. Visipogusa, alirudi nyumbani kungoja mwaka mwingine. Wenzangu mliokulia kambini, kwenye nyumba za wafanyakazi wa mgodi, mnakumbuka tulivyofanya mazoezi uani wiki nzima kabla ya siku hiyo, tukilivuta sikio lije kukutana na kidole. Mimi niligusa mara ya kwanza, tena nikalifunika sikio lote kwa kiganja. Tata, ndivyo tulivyomwita baba, alicheka mpaka akapangusa macho, akawaambia majirani: "Huyu amekula posho muzuri."

Posho! Waliokuja juzi kuchimba kobalti hawajui neno hilo lilikuwa na uzito gani. Tata alikuwa kapita, msimamizi wa wafanyakazi kwenye shimo la shaba, na kila mwezi Kampuni ilimpa unga wa mahindi, samaki wakavu, maharage na mafuta ya mawese, kulingana na idadi ya watoto wake. Mwenye watoto wengi alirudi na gunia kubwa zaidi. Siku hiyo kambi nzima ilinuka samaki, na mama zetu walisonga bukari, ugali wetu, mpaka jasho likawatoka, wakiimba. Tulikula hadi tukalala palepale kwenye mkeka. Shuleni tulipewa maziwa saa nne. Wakati wa mapumziko wasichana tuliruka raba, ule mpira mwembamba uliokatwa kutoka kwenye tyubu ya gari. Ulianzia kwenye vifundo vya miguu, ukapanda magotini, ukafika kiunoni, na hapo wafupi wote walitolewa nje. Mimi na rafiki yangu Mujinga, binti wa jirani, tulikuwa tukibaki wawili tu. Tulikuwa na miguu, jamani. Tulikuwa na miguu kama korongo na hatukujua kwamba miguu hupikwa jikoni.

Halafu Rais akasema kwenye redio kwamba chama kimoja kimekwisha, nchi inaingia transition, yaani kipindi cha mpito. Wakubwa walifurahi. Tata aliikunja abakosti yake, ile suti isiyo na tai ya enzi za chama, akaitia sandukuni, akatoa tai ambayo hakuruhusiwa kuivaa kwa miaka mingi, akaivaa hata kwenda msalani. Mimi nilidhani Transition ni mgeni anakuja kwa treni, nikamwuliza mama tutamlaza wapi. Walinicheka sana. Mama alipouliza posho itakuwaje, tata alimjibu: "Rais anaweza kwenda, bamawaziri banaweza kwenda. Posho haiwezi kwenda." Alisema hivyo kwa moyo wote, na mimi mpaka leo simlaumu, maana hata mimi niliamini.

Posho ilianza kwenda polepole. Kwanza nyama, kisha samaki, kisha maharage. Mwisho unga wenyewe ukawa wa kuja mwezi huu na kukosa mitatu. Mshahara ulichelewa hadi tukasahau tarehe yake. Maziwa ya shuleni yalikoma na hakuna aliyetuambia kwa nini, siku moja tu vikombe havikutolewa. Kisha majirani zetu ambao wazazi wao walitoka mkoa wa Kasai wakaambiwa hapa si kwao. Mujinga aliondoka na familia yake kwa treni, amebeba raba yetu mfukoni. Nilikasirika kwa sababu ya raba, na baadaye nilipokuja kuelewa niliona aibu kwa hasira hiyo. Tulianza kula mara moja kwa siku, bukari ya muhogo na sombe, yale majani ya muhogo, na kesho yake sombe na bukari ya muhogo. Wakati wa kula mama alikuwa akisema: "Funga mulango, batu basione tunakula nini." Nyumba ya kapita ilikuwa na heshima yake, na heshima ikibaki peke yake mezani hulindwa sana.

Soso, mdogo wetu wa mwisho, alizaliwa transition ilipoanza. Sisi wakubwa, yaani kaka zangu wawili na mimi, tulikuwa tumekwisha kupanda kwa posho. Yeye hakuikuta.

Kila mwezi watoto wadogo walipelekwa kwenye kilo. Waliozaa wanajua: mizani inaning'inia kwenye boriti, mtoto anavalishwa kaptula ya turubai, anatundikwa akilia, na muuguzi anaweka nukta kwenye karatasi yenye njia tatu za rangi, kijani, manjano na nyekundu. Kambini karatasi ile ilisomwa na kila mtu. Mama akitoka pale na nukta nyekundu, aliikunja karatasi mara nne akaificha ndani ya kitenge. Soso alikuwa mwekundu mwezi mmoja, na jirani mmoja aliona. Kesho yake bombani alisema kwa sauti ya kutosha: "Hata kwa kapita?"

Mwezi uliofuata mama alikuwa amepanda treni kwenda Kasaji kubadilisha vitenge vyake kwa muhogo. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, Soso miwili, na mimi ndiye niliyeachiwa kumpeleka kwenye kilo. Ilikuwa majira ya baridi, wakati ambao upepo wa asubuhi unakata midomo, na muuguzi aliruhusu watoto wapimwe na nguo zao za ndani. Mimi nikafikiri. Nilijua kwamba pale walikuwa wameanza mwezi ule kugawa unga wa uji, wa mahindi na soya, kopo kwa kila mtoto. Na nilijua sheria moja tu ya kugawa chakula, ile ya Kampuni: mwenye zaidi hupewa zaidi. Shuleni pia ilikuwa vile, mwenye alama nyingi ndiye anayepewa zawadi. Kwa akili yangu kilo ilikuwa mtihani, na Soso alikuwa amefeli.

Mawe ya kijani tulikuwa tukiyachezea tangu zamani, yale yenye shaba ndani, yaliyoanguka kutoka kwenye malori. Madogo lakini mazito. Nilichagua mawili, nikayafunga kwenye kitambaa, nikayashonea ndani ya nepi ya Soso, nyuma, mahali ambapo kitambaa kinakunjwa mara mbili. Ndiyo kazi yangu ya kwanza ya ushonaji, na sijawahi kushona kitu kikakaa imara vile.

Muuguzi alikuwa mama mmoja mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alimtundika Soso, akautazama mshale, akautazama tena. Akatabasamu, na tabasamu lile ninalo hadi leo. "Ah, Soso ametoka mu nyekundu! Asante Mungu." Akaweka nukta katika njia ya kijani. Nikaleta kopo langu mbele. Akalirudisha taratibu. "Hapana, mama, ile unga ni ya bale beko mu nyekundu. Huyu ameshapona. Unaona vile batoto beko bengi."

Ningeweza kusema. Nepi ilikuwa palepale, na kuifungua ni kazi ya dakika moja. Lakini nyuma yangu kulikuwa na mstari wa wanawake, na yule jirani wa bombani alikuwa mmoja wao, na kwa mara ya kwanza alikuwa kimya. Nilimbeba mdogo wangu mgongoni pamoja na mawe yake, tukarudi nyumbani na kopo tupu. Njiani niliyafumua, nikayatupa kwenye nyasi. Alilia njia nzima, na mimi nilidhani ni baridi.

Mama aliporudi kutoka Kasaji alitaka karatasi kabla ya kutua mzigo. Aliiona nukta ya kijani, akakaa chini, akacheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu tai ya tata. Ningeuharibuje mcheko ule? Nikanyamaza, nikasema nitamwambia kesho, na mnazijua kesho za namna hiyo. Baada ya hapo mama aliiamini karatasi kuliko macho yake. Alikuwa ameleta samaki wachache, akawa anapika mmoja mmoja jioni, na Soso aliponyoosha mkono aliambiwa: "Weye umetosha, kilo imesema. Acha yaya ale, iko nakomea." Yaya ni dada mkubwa, ndiye mimi, na kukomea ni kukua. Basi nilikula, nikakua. Mwezi ule na ule uliofuata nilikula samaki wa Soso mbele ya macho yake.

Alipofika miaka sita mkono wake haukufika sikioni. Saba, haukufika. Alianza shule akiwa na minane, akasimama wa kwanza mstarini, kwa kuwa mstari ulianza na wafupi, na hapo mbele alibaki mpaka alipomaliza. Leo ni mwalimu, sauti yake ndiyo inayoongoza kwaya yetu, na kichwa chake hakifiki begani mwangu. Alipomzaa binti yake Naomi walilazimika kumpasua, daktari akisema nyonga ni ndogo. Yeye huwaambia watu amefuata damu ya bibi. Bibi yetu alikuwa akiinama kuingia mlangoni.

Msije mkasema najipa ukubwa, kwamba mawe mawili yamefupisha mtu. Najua. Mimi ni fundi cherehani, na miaka ishirini sasa utepe wangu umewazunguka watu wa Kolwezi, nao umenionyesha nisichopenda kukijua. Ninaposhona sare za kwaya, wanawake wa umri wangu wanakula kitambaa. Wale waliokuwa wachanga wakati wa transition wananibakizia vipande, mmoja baada ya mwingine, na ni ndugu wa tumbo moja. Hakuna aliyewashonea mawe hao wengine. Nchi ilikuwa inabadilisha nguo, na watoto waliachwa uchi kwenye baridi. Lakini nikimpima mwingine namlaumu Rais, na nikimpima Soso najilaumu mimi.

Watoto wa leo, wale ambao wazazi wao wana kazi, wanapanda kama mahindi ya karibu na choo. Naomi ana miaka kumi na mmoja na tayari anamtazama mama yake macho kwa macho. Ukimpa sombe anauliza kama hakuna mayonezi. Simu ikizimika, kichwa kinamwuma hadi alale. Nani atamgusisha sikio, wakati karatasi zake zote zimo kwenye hiyo simu? Ninamcheka, na moyoni nashukuru kila mayonezi anayokula. Ila barabarani, kule wanakochimba vijana waliotoka kila pembe ya Kongo, nawaona wadogo wamekaa kando ya viroba na vitumbo vilivyovimba na miguu ya njiti. Mizani iko kila kona siku hizi, imejaa mjini. Inapima mawe. Enzi zetu mawe tuliyachezea, na mizani ilikuwa ya watoto.

Mwezi uliopita nilikuwa nawapima wanakwaya kwa sare za Krismasi. Soso alikuja wa mwisho, shule ilipofungwa. Nilimpima, nikachukua kalamu, na kama kawaida yangu nikaandika zaidi kidogo. Nimefanya hivyo miaka yote, halafu nakata kwa siri. Safari hii alikuwa anasoma juu ya mkono wangu.

"Yaya, kila mwaka unaniongezea. Juu ya nini?"

Mama alikwishatangulia, na tata pia. Hapakuwa na mcheko wa mtu wa kulinda tena. Nikamwambia, nimeshika utepe, yote kuanzia bombani mpaka kwenye samaki. Sikumtazama. Nilipomaliza alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja, miguu yake haigusi sakafu.

"Ulikuwa na myaka ngapi?"

"Kumi na moya."

Akatazama nje, ambako Naomi alikuwa akiruka kamba peke yake na kujihesabia kwa sauti. Nilitaka anitukane, ama alie, ama aseme amenisamehe, nami nipumzike.

"Ile samaki," akauliza, "ilikuwa butamu?"

Ningeweza kusema nimesahau. Angenielewa.

"Ilikuwa butamu," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyengoja muda mrefu kuambiwa jambo dogo. Kisha akateremka kwenye kiti, akaja akasimama mbele yangu, visigino pamoja na mgongo wima, kama tulivyosimama zamani mbele ya mwalimu. "Pima tena," akasema, "na uandike ile unaona." Nikapima kutoka begani hadi kifundoni. Akaisoma namba mwenyewe kwa sauti yake ile ya kwaya, nami nikaiandika.