Bia ya Asubuhi

Mume wangu alikuwa mwembamba tangu tuoane, na Garissa ya miaka ya tisini haikumsamehe mke mwenye mume mwembamba. Alikuwa dalali wa mifugo, nyama haikukosekana nyumbani, sasa ilikuwa inakwenda wapi? Siku moja jirani alinisimamisha dukani mbele za watu. "Abaayo, dada yangu, huyu mzee unamlisha kweli?" Niliudhika hadi nikaondoka bila kununua nilichofuata.

Basi nikamlisha. Asubuhi ini la mbuzi na mikate ya anjera inayoogelea kwenye samli, mchana pasta, usiku pasta tena, na chai ya maziwa yenye sukari ya kukusanya nyuki. Kitambi nilikisubiri kama mvua. Kilichokuja ni uchovu na uzito chini ya mbavu za kulia, mpaka akawa anakaa chini sokoni huku ng'ombe walioletwa kutoka Hulugho wakiuzwa na wengine. Hapo niliogopa sana.

Tukaenda kliniki moja yenye mashine ya kupiga picha ya tumbo. Daktari alikuwa mtu wa "Kenya", kama tulivyowaita wote waliotoka ng'ambo ya daraja la Tana. Akaitazama picha, akamtazama mume wangu, mifupa mitupu, akairudia picha. Akasema ini limejaa mafuta. Kisha akauliza kwa upole:

"Mzee, unatumia bia?"

Sasa, kwa Kisomali ini ndilo *beer*, na masikioni mwetu *beer* na bia ni ndugu.

"Kila subuhi," mume wangu akajibu kwa fahari. "Bibi yangu ndio nabika."

"Anapika? Nyumbani?"

"Kwa mikono yangu," nikadakia, sifa isinipite. "Hata watoto nawapa. Wanapenda sana."

Daktari akaweka kalamu chini. Muuguzi, binti wa hapa hapa, alicheka mpaka akashika meza, halafu akamfafanulia daktari. Mume wangu alipoelewa alipiga astaghfirullah hadi waliokuwa kwenye foleni nje wakachungulia mlangoni.

Daktari naye alicheka, kisha akaacha. Alisema amezoea kuona ini la namna hiyo kwa walevi na wanene, lakini mtu mwembamba naye anaweza kunenepa ndani. Sukari kwenye damu pia ilikuwa imezidi. Ini likiendelea hivyo litaharibika, na la akiba hakuna. Apunguze sukari, pasta na samli, na atembee.

Nilirudi nyumbani nimenuna. Kumbe unene nilioutafuta ulikuwa umefika kitambo, ila ulikaa mahali ambapo jirani hawezi kuuona!

Kesho yake nikampa chai isiyo na sukari. Akaonja, akaweka kikombe chini, akaniangalia kwa huzuni.

"Nimekukosea nini?"

"Bado hujanikosea," nikamwambia. "Utanikosea ukitangulia kufa. Kunywa."

Akanywa yote, amekunja uso.